Jedwali, kielekezi na jirani wa Kibemba

Katika semina yetu ya lugha za Kiafrika niliandika programu ndogo ya kompyuta iliyotakiwa kujibu swali moja: kati ya lugha nilizozichagua, kila lugha iko karibu zaidi na ipi kwa sura ya maneno yake? Programu ilijibu bila kusita:

    Kiswahili: Kiluba
    Kiluba: Kiswahili
    Kibemba: Kilingala
    Kilingala: Kibemba

Jozi mbili safi, kila lugha na mwenzake. Kabla ya kumwonyesha mwalimu, nilikuwa nimeshaandika aya mbili za ufafanuzi. Kiluba na Kiswahili, niliandika, wameishi pamoja Katanga kwa muda mrefu, katika migodi na sokoni. Kwa Kibemba na Kilingala nilikuna kichwa kidogo, kwa sababu Guthrie alikiweka kimoja kanda M na kingine kanda C, lakini mtu anayetafuta sababu hakosi, nami niliipata.

Majibu hayo yalikuwa ya uongo, na kosa halikuwa la lugha yoyote ya Kibantu. Lilikuwa katika namna nilivyopitisha jedwali la namba kwa funksheni katika lugha ya C. Naandika makala haya kwa wenzangu wa kitivo wanaoanza kuhesabu maneno kwa kompyuta, maana wengi tunajifunza programu kwa kunakili, na jambo hili ndilo linalonakiliwa vibaya kuliko mengine. Anayeijua C vizuri anaweza kuruka hadi katikati. Asiyeijua kabisa atafuata, naamini, kwa sababu shida yenyewe ni ya kisarufi.

Kwanza kipimo. Umbali wa Levenshtein, ulioitwa kwa jina la Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi aliyeueleza mwaka 1965, ni idadi ndogo kabisa ya mabadiliko ya herufi moja moja yanayogeuza neno moja kuwa jingine: kuongeza herufi, kufuta herufi, au kuweka nyingine mahali pake. Chukua neno la binadamu. Kiswahili kina *mtu*, Kiluba *muntu*, Kibemba *umuntu*, Kilingala *moto*. Kutoka *mtu* kwenda *muntu* unaongeza u na n, basi umbali ni 2. Kutoka *muntu* kwenda *umuntu* ni 1. Kutoka *mtu* kwenda *moto* unaongeza o na kubadili u ya mwisho kuwa o: 2. Toni nimeziacha, na mwanafonolojia ana haki ya kulalamika, lakini hilo si la leo. Kwa neno hili moja jedwali kamili ni hili:

                Sw  Lu  Be  Li
    Kiswahili    0   2   3   2
    Kiluba       2   0   1   3
    Kibemba      3   1   0   4
    Kilingala    2   3   4   0

Msomaji anaona mara moja kwamba jirani wa Kibemba hapa ni Kiluba, kwa umbali wa 1, na kwamba Kilingala ndicho kilicho mbali nacho kuliko vyote. Programu yangu ilikuwa na namba hizi hizi ndani yake, zimehesabiwa sawasawa. Ilizisoma tu vibaya.

Jedwali nilikuwa nimelitangaza hivi:

    #define NAFASI 6
    int umbali[NAFASI][NAFASI];

Nafasi ni sita, ingawa lugha zilikuwa nne, kwa sababu nilitaka kuongeza Kinande na Mashi baadaye, nikishahakiki maneno yake. Kwa hiyo katika kila mstari safu nne za kwanza zilikuwa na namba za kweli, na mbili za mwisho zilikuwa zikingoja, zimejaa sifuri. Shikeni hilo, ndilo lililoniponza.

Sasa tuingie katika kumbukumbu ya kompyuta. Sisi tunachora jedwali kwa mistari na safu, lakini kumbukumbu haina mistari. Ni vyumba vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, kama nyumba za barabara moja ndefu, kila kimoja na anwani yake. C huliweka jedwali humo mstari kwa mstari: mstari wa kwanza wote, kisha wa pili wote, na kuendelea. (Fortran, lugha ya IBM ya mwaka 1957, hupanga kinyume, safu kwa safu, anayehamisha programu kutoka huko ajihadhari.) Katika C, basi, jedwali langu lilikaa hivi:

    0 2 3 2 0 0 | 2 0 1 3 0 0 | 3 1 0 4 0 0 | 2 3 4 0 0 0 | ...

Alama za wima nimezichora mimi. Ndani ya kompyuta hazipo.

Ukiandika umbali[2][1], yaani mstari wa Kibemba, safu ya Kiluba (C huanza kuhesabu kwa 0), kompaila inapaswa kujua ni chumba kipi. Inapiga hesabu: ruka mistari 2 mizima, kila mstari una vyumba 6, kisha songa chumba 1. Yaani 2 × 6 + 1 = 13. Chumba namba 13, ukihesabu kuanzia 0, kina 1. Sawa kabisa. Kila namba inachukua baiti 4 katika mashine zetu za kawaida, basi ni baiti 52 kutoka mwanzo wa jedwali.

Tazameni kilichohitajika katika hesabu hiyo. Idadi ya mistari haikuulizwa kabisa. Idadi ya safu, ile 6, ndiyo iliyoulizwa, na bila hiyo hakuna jibu. Karibu kila kanuni ya kupitisha jedwali kwa funksheni inatoka hapo.

Maana C haipitishi jedwali. Unapoiita funksheni na kuipa jina la jedwali, jina hilo linageuka kuwa kielekezi, yaani anwani ya kipengele cha kwanza, na anwani hiyo tu ndiyo inayosafiri. Tabia hii ina historia. C ilitokana na lugha ya B ya Ken Thompson, nayo B ilitokana na BCPL ya Martin Richards. Katika B, jina la jedwali lilikuwa kweli chumba chenye anwani ndani yake. Dennis Ritchie, aliyeiunda C katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, alisimulia mwaka 1993 jinsi alivyokwama alipotaka kuweka jedwali ndani ya muundo mwingine, kwa mfano jina la faili la herufi 14 pamoja na namba yake: ile anwani ya ziada ingekaa wapi? Akaiondoa. Tangu hapo jedwali ni vyumba vyake tu, na anwani huzaliwa pale jina linapotumika katika usemi.

Kwa jedwali la mstari mmoja hakuna matata: kipengele cha kwanza ni namba, kwa hiyo jina hugeuka kuwa kielekezi cha namba. Kwa jedwali la mistari na safu, swali linakuwa la kisarufi: kipengele cha kwanza cha umbali ni kipi? Wengi wetu tungejibu kwamba ni ile 0 ya kwanza. Hapana. Katika C hakuna jedwali la pande mbili kama aina ya pekee. Kuna jedwali la majedwali. Kipengele cha kwanza cha umbali ni mstari mzima wa namba sita. Kwa hiyo jina umbali linageuka kuwa kielekezi cha mstari wa namba sita, na aina yake inaandikwa:

    int (*t)[6]

Mabano hayo si pambo. Ukiyaondoa ukaandika int *t[6], umetangaza kitu kingine: jedwali la vielekezi sita. Wanaisimu tumezoea jambo hili. «Walimu na wanafunzi wapya»: je, walimu nao ni wapya? Tunachora mabano kuonyesha viambajengo, ama [walimu] na [wanafunzi wapya], ama [walimu na wanafunzi] wapya. C ina kanuni moja ya kuondoa utata wake: mabano ya mraba yanashikana na jina kwa nguvu kuliko nyota. Basi katika int *t[6] jina t linashikana kwanza na [6], kwa hiyo ni jedwali, la nini? la vielekezi. Katika int (*t)[6] mabano yanalazimisha nyota itangulie, kwa hiyo t ni kielekezi, cha nini? cha mstari wa namba sita. Soma ukianzia kwenye jina, nenda kulia hadi uzuiwe, rudi kushoto. Nilipoanza kuchora matangazo ya C kama matawi ya sentensi, nusu ya hofu yangu iliisha.

Tofauti ya aina hizo inaonekana katika hatua. Kielekezi cha namba ukikiongeza 1 kinasonga baiti 4. Kielekezi cha mstari wa namba sita ukikiongeza 1 kinasonga baiti 24. Anwani yenyewe inaweza kuwa ileile, lakini aina ndiyo inayosema urefu wa hatua. Ni kama upatanisho wa ngeli. Mtu akisema «vimevunjika», nomino hatujaisikia, lakini *vi-* imetuambia tutafute nini. Anwani bila aina ni kitenzi kilichonyang'anywa kiambishi: tunajua kitu kimevunjika, hatujui tukiokote wapi.

Sasa naweza kusimulia makosa yangu kwa mpangilio yalivyotokea.

Kwanza niliandika void jirani(int t[][], int n). Kompaila ilikataa, na ilikuwa na haki: mabano ya pili matupu yanaficha idadi ya safu, ile inayohitajika katika hesabu. Ya kwanza yanaweza kuwa matupu. Unaweza hata kuandika int t[99][6] na kompaila haitaijali ile 99.

Pili, rafiki mmoja aliniambia nitumie nyota mbili: int **t. Hoja yake ilivutia, kwamba jedwali moja ni nyota moja, kwa hiyo majedwali mawili ni nyota mbili. Kompaila ilitoa onyo kwamba aina hazipatani. (GCC kuanzia toleo la 14, la mwaka 2024, hailiiti tena onyo, inakataa.) Nilipuuza onyo, nikaendesha, programu ikafa papo hapo. Sababu ni hii: int **t ni kielekezi cha kielekezi. Funksheni ilienda kwenye anwani niliyoipa ikitazamia kukuta humo anwani nyingine, ya mstari. Ilikuta namba. Anwani katika mashine ya biti 64 ina baiti 8, namba mbili za baiti 4, kwa hiyo ilichukua 0 na 2, umbali wa Kiswahili na Kiswahili na umbali wa Kiswahili na Kiluba, ikaziunganisha, ikaziita anwani, ikaenda kubisha hodi huko. Mfumo wa kompyuta ukaisimamisha.

Nyota mbili si kosa siku zote, na hapa wanaleksikografia watege sikio. Orodha ya maneno ni kitu tofauti na jedwali la namba, kwa sababu maneno hayalingani urefu. Ukiandika char maneno[4][8], umejenga jedwali la kweli: maneno manne, kila moja limepewa baiti 8 hata kama ni *mtu* linalohitaji 4 tu (herufi tatu na sifuri ya kufunga). Ukiandika char *maneno[4], umejenga vielekezi vinne, na kila neno linakaa kwake kwa urefu wake. La kwanza linapita kwa funksheni kama char (*m)[8]. La pili linapita kama char **m, kwa sababu kipengele chake cha kwanza ni kielekezi kweli. Kwa macho, maneno[2][1] inaandikwa sawa katika yote mawili, na kwa umuntu inatoa m ileile, lakini njia ya kuifikia ni tofauti: mara moja ni kuzidisha na kujumlisha, mara nyingine ni kusoma anwani na kuifuata. Ni muundo mmoja wa nje wenye miundo miwili ya ndani. Rafiki yangu alikuwa amejifunza nyota mbili kwenye orodha za maneno, akazipeleka kwenye namba.

Tatu, nikiwa nimechoka na maonyo, nikafanya wanavyofanya wengi. Nilisahau habari ya mistari, nikapitisha anwani ya namba ya kwanza, na kupiga hesabu mwenyewe:

    void jirani(int *t, int n)
    {
        for (int i = 0; i < n; i++) {
            int bora = -1;
            for (int j = 0; j < n; j++) {
                if (j == i) continue;
                if (bora < 0 || t[i*n + j] < t[i*n + bora])
                    bora = j;
            }
            printf("%s: %s\n", lugha[i], lugha[bora]);
        }
    }

    jirani(&umbali[0][0], 4);

Kompaila ilinyamaza, hakuna onyo hata moja. Programu ikaendeshwa hadi mwisho, ikatoa zile jozi mbili nilizozipenda. Nami nikadhani ukimya ni idhini.

Angalieni ile n. Niliipa kazi mbili: idadi ya lugha, ambayo ni 4, na upana wa mstari, ambao ni 6. Nilipopitisha 4, funksheni ilikata barabara ile ndefu katika vipande vya vyumba vinne vinne:

    0 2 3 2 | 0 0 2 0 | 1 3 0 0 | 3 1 0 4

Mstari wa kwanza ni sahihi kabisa, kwa sababu mwanzo ni mwanzo, upana wowote uwao. Ndiyo maana nilipojaribu kwa mkono mstari wa Kiswahili peke yake niliridhika. Lakini «mstari wa Kiluba» sasa ni 0 0 2 0: zile nafasi mbili tupu za mwisho wa Kiswahili, kisha mwanzo wa Kiluba cha kweli. Umbali mdogo kuliko wote ni 0, chini ya Kiswahili. Basi Kiluba: Kiswahili. «Mstari wa Kibemba» ni 1 3 0 0, namba mbili za Kiluba na nafasi mbili tupu. Ukiruka Kibemba chenyewe, 0 iko chini ya Kilingala. «Mstari wa Kilingala» ni 3 1 0 4, ambao kwa kweli ni wa Kibemba, na ile 0 yake ni umbali wa Kibemba na Kibemba.

Yaani jozi zangu zilitokana na vyumba vitupu na ulalo wa jedwali. Ningeweza kuingiza maneno yoyote, hata ya Kifini, na mistari mitatu kati ya minne ingetoa jibu lilelile.

Na nilifanya hivyo, jambo linalonitia haya hadi leo. Ili kuhakikisha, nilibadilisha neno, nikaweka la maji: *maji*, *mema*, *amenshi*, *mai*. Jirani wa Kiswahili akawa Kilingala, kwa sababu kutoka *maji* kwenda *mai* ni kufuta herufi moja tu. Wale wengine watatu wakabaki palepale. Nikafurahi, nikaandika katika rasimu kwamba matokeo «yamethibitishwa kwa neno la pili». Uthabiti ule ulikuwa dalili ya ugonjwa, mimi nikauita afya.

Aliyeugundua ni mwalimu wetu, ambaye haandiki programu. Nilipomwonyesha zile jozi, hakubishana juu ya Kibemba. Aliuliza tu: «Kilingala na Kilingala ni ngapi?»

Nikamjibu kwamba programu inairuka, kwa kuwa ni sifuri bila shaka.

«Ichapishe hata hivyo.»

Nikaongeza mstari wa kuchapisha ulalo. Ukatoka 0, 0, 0, 4. Sifuri ya kwanza ilikuwa sahihi kweli, ya pili na ya tatu zilikuwa sahihi kwa bahati. Ya nne ilisema Kilingala kiko umbali wa mabadiliko manne kutoka Kilingala. Mwalimu alicheka, akasema labda ni kile cha Kinshasa na kile cha Mbandaka.

Sahihisho lenyewe ni fupi:

    void jirani(int (*t)[NAFASI], int n)

Ndani yake t[i*n + j] inakuwa t[i][j], na t[i*n + bora] inakuwa t[i][bora]. Unaiita jirani(umbali, 4). Upana sasa umo katika aina, na kompaila inaupata huko yenyewe. N imebaki na kazi moja, kuhesabu lugha. Nikikosea nikapitisha jedwali la safu 4 au 8, aina hazitapatana na kompaila itapiga kelele. Anayeona mabano yale yanatisha anaweza kuandika int t[][NAFASI] au int t[NAFASI][NAFASI]. Katika orodha ya vigezo vya funksheni maandishi hayo matatu ni kitu kimoja, kama alomofu za mofimu moja. Lakini ni katika mazingira hayo tu. Nje ya vigezo, int t[6][6] ni jedwali lenye baiti 144, na int (*t)[6] ni kielekezi chenye baiti 8 katika mashine ya biti 64. Ndiyo maana anayeuliza sizeof t ndani ya funksheni, akitumaini kupata 144 ili agawanye apate idadi ya mistari, anapata 8. Jedwali halikufika humo. Iliyofika ni anwani.

Kwa pande tatu kanuni ni hiyohiyo. Ukitaka kuhifadhi jedwali moja kwa kila neno, kwa maneno mia, unatangaza int yote[100][6][6], na funksheni inapokea int (*t)[6][6]. Kipimo cha kwanza kinadondoka, vingine vyote vinabaki.

Kuna njia nyingine, ya kiwango cha C cha mwaka 1999, inayofaa pale upana haujulikani hadi programu iendeshwe: void jirani(int n, int upana, int t[n][upana]). Vigezo vya upana lazima vitangulie jedwali, maana kompaila inasoma kutoka kushoto na haiwezi kutumia jina ambalo halijatajwa. Kiwango cha 2011 kiliifanya hiari, kile kinachoitwa C23 kikazirudisha aina hizi katika wajibu. Ninaitumia, lakini kwa macho mawili. Ukiiita jirani(4, 4, umbali) kwa jedwali la upana wa 6, umerudi kwenye kosa langu la tatu kwa mlango mwingine, na kompaila haina wajibu wa kukukamata, kwa sababu upana ni thamani inayofika baadaye. Pale upana unapojulikana mapema, kama kwangu, napendelea NAFASI ndani ya aina.

Ile njia ya kuhesabu kwa mkono wataalamu wengi huitumia, na inafanya kazi ukiipa upana wa kweli: jirani(int *t, int n, int upana), na t[i*upana + j]. Kwa herufi kali ya kiwango, kuvuka mpaka wa mstari wa kwanza kwa kielekezi kilichotokana na &umbali[0][0] hakujahakikishwa, ingawa kompaila za kawaida huruhusu. Siikatazi. Nasema tu kwamba ukiitumia, wewe ndiye unayebeba upana kichwani, na kichwa changu kiliudondosha ndani ya siku moja.

Kwa neno la binadamu, programu iliyosahihishwa inatoa hivi:

    Kiswahili: Kiluba
    Kiluba: Kibemba
    Kibemba: Kiluba
    Kilingala: Kiswahili

Kiluba na Kibemba wamekutana, kanda L na kanda M. Zile aya mbili nimezifuta. Mstari wa kwanza, hata hivyo, bado haujaniridhisha: Kiswahili kiko umbali wa 2 kutoka Kiluba na 2 kutoka Kilingala pia, na programu inachagua Kiluba kwa sababu tu kinatangulia katika orodha na alama ya < haikubali sare. Nikigeuza mpangilio wa lugha, jibu litageuka. Toleo ninaloliandika sasa linachapisha majirani wote walio sawa, na namba ya umbali kando ya kila jina.